Mauaji ya kimbari: maana, asili na matumizi, pamoja na «halaiki», «maangamizi» na «maafa»

mauaji ya kimbari *nomino, ngeli ya YA-YA*
1. (sheria) kosa la jinai la kutenda mambo yaliyokatazwa kwa nia ya kuliangamiza, lote au sehemu yake, kundi la watu kwa sababu ya taifa, kabila, asili au dini yao: *Alitiwa hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari.*
2. (historia) tukio au mfululizo wa matukio ambamo kundi la aina hiyo lilikusudiwa na kushambuliwa ili litoweke: *historia ya mauaji ya kimbari katika karne ya 20*.

Upatanisho: mauaji haya *yalitendwa*, *yalipangwa*, *yalikanushwa*. Umbo la umoja halitumiki.

Tahadhari ya matumizi: istilahi hii si kisawe cha *mauaji ya halaiki*, wala haipimwi kwa idadi ya waliokufa.

## Kwa nini ingizo hili linahitaji maelezo marefu

Wanafunzi wa tafsiri huuliza mara kwa mara ni lipi kati ya *mauaji ya kimbari*, *mauaji ya halaiki*, *maangamizi* na *maafa* lililo sahihi. Swali hilo halijibiki kwa kutaja neno moja, kwa sababu kila neno hujibu swali lake. *Kimbari* hujibu swali «waliuawa kwa sababu gani?» *Halaiki* hujibu «walikuwa wengi kiasi gani?» *Maangamizi* na *maafa* hujibu «jambo hili lilitendwa na mtu, au liliwafika tu?» Mwandishi asiyejua ni swali gani analolijibu anaweza kutoa hukumu asiyoikusudia. Anaweza kumtwika mtu kosa ambalo halijathibitishwa, au kumwondolea mwingine kosa lililothibitishwa mahakamani.

Makala hii inaeleza asili ya kila neno, kisha inayapima maneno hayo kwa matukio ya Afrika Mashariki, likiwamo lile lililofichwa ndani ya jina la soko la Kariakoo, Dar es Salaam.

## Asili ya maneno

Mbari, kimbari. *Mbari* ni nomino ya Kibantu yenye maana ya ukoo au nasaba. Katika Kigikuyu pia, *mbari* ni tawi la ukoo linalojitambua kwa babu mmoja. Kiambishi *ki-* kinapopachikwa hufanya neno linaloeleza namna au mkabala, kama ilivyo katika *kitaifa*, *kikabila* na *kisheria*. Kwa hiyo *mauaji ya kimbari* ni mauaji yanayofuata mbari: mtu huuawa kwa kuwa amezaliwa upande fulani, bila kujali alilotenda. Katika matumizi ya kisasa *mbari* imepanuka hadi kubeba dhana ya watu wanaohesabiwa kuwa wa asili moja, na ndiyo maana baadhi ya waandishi husema *ubaguzi wa kimbari* pale ambapo wengine husema *ubaguzi wa rangi*.

Halaiki. Neno hili limetokana na Kiarabu, ambako lina maana ya viumbe au watu kwa wingi wao. Katika Kiswahili ni umati. Watanzania wengi hulijua kwanza kwa maana ya furaha: *halaiki* ni onyesho la mamia ya watoto na vijana wanaojipanga uwanjani katika sherehe za kitaifa na kuunda maumbo na maandishi kwa miili yao. *Mauaji ya halaiki* basi ni mauaji ya watu wengi kwa mkupuo. Neno hili halisemi waliuawa na nani, wala kwa sababu gani.

Maangamizi. Mzizi wake ni *angamia*, yaani kupotea kabisa au kuharibika pasipo kubakia kitu. Kauli ya kutendesha ni *angamiza*, na *maangamizi* imeundwa kutokana na kauli hiyo. Ndani ya nomino hii, kwa hiyo, yumo mtendaji: panapotajwa maangamizi, yupo aliyeangamiza. Ndiyo sababu *Maangamizi ya Wayahudi* ni tafsiri inayofaa kwa mauaji ya Wayahudi wapatao milioni 6 yaliyotendwa na Ujerumani ya Wanazi na washirika wake.

Maafa. Nalo lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni balaa au janga. Gharika, ukame na tetemeko ni maafa. Ofisi ya Waziri Mkuu nchini Tanzania ina idara inayoshughulikia maafa kwa maana hiyohiyo. Nchini Marekani, msomi Marimba Ani alilichukua neno *Maafa* kuwa jina la utumwa na biashara ya watumwa wa Kiafrika pamoja na matokeo yake. Baadaye, baadhi ya wanaharakati wa fidia walioko Uingereza waliamua kutumia *Maangamizi*, wakieleza kwamba *maafa* yaweza kuwa bahati mbaya, ilhali utumwa ulitendwa na watu kwa makusudi. Mjadala huo uliendeshwa mbali na pwani yetu, lakini ulishika jambo la msingi katika sarufi yetu: tofauti ya *angamia* na *angamiza* ni tofauti ya jambo lililotokea na jambo lililotendwa.

## Dhana ya kisheria

Istilahi ya kimataifa ambayo *mauaji ya kimbari* huitafsiri iliundwa na mwanasheria Raphael Lemkin, Myahudi wa Poland, katika kitabu chake cha mwaka 1944. Aliunganisha neno la Kigiriki lenye maana ya jamii au kizazi na mzizi wa Kilatini wenye maana ya kuua. Tarehe 9 Desemba 1948 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Mkataba wa kuzuia na kuadhibu kosa hilo, nao ukaanza kutumika tarehe 12 Januari 1951.

Mkataba unataja vitendo vitano: kuwaua watu wa kundi, kuwadhuru vibaya kimwili au kiakili, kuliwekea kundi kwa makusudi hali ya maisha itakayoliangamiza, kuzuia uzazi ndani ya kundi, na kuwahamisha watoto wake kwa nguvu kwenda kundi jingine. Vyote vitano sharti viambatane na nia mahususi ya kuliangamiza kundi, lote au sehemu yake, kama kundi.

Mtafsiri anapaswa kuona mambo mawili hapa. La kwanza, ni kitendo kimoja tu kati ya vitano ambacho ni kuua. Istilahi *mauaji ya kimbari* ni nyembamba kuliko kosa lenyewe, na *maangamizi ya kimbari* ingelikaribia zaidi. Hata hivyo matumizi yamekwisha kukaa, na si vyema kuyavuruga. Inatosha kutanguliza maelezo pale ambapo kitendo kinachozungumziwa si cha kuua. La pili, makundi yanayolindwa ni manne, yaani ya kitaifa, kikabila, kimbari na kidini. Neno *kimbari* linajitokeza mara mbili, kama jina la kosa na kama jina la kundi mojawapo. Msomaji asiyeelezwa anaweza kudhani kuwa kundi la kidini halimo.

Mifano miwili ya nje ya Afrika huonyesha kwamba kipimo si idadi. Huko Srebrenica, Bosnia, Julai 1995, wanaume na wavulana Waislamu wapatao 8,000 waliuawa, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikathibitisha mwaka 2007 kwamba yale yalikuwa mauaji ya kimbari. Nchini Kambodia watu wanaokadiriwa kufikia milioni 1.7 walikufa chini ya utawala wa Khmer Rouge kati ya 1975 na 1979. Lakini hukumu ya mwaka 2018 ilipotaja kosa hili, ililihusisha na yaliyowapata Wavietnamu na Wacham, si Wakhmer walio wengi ambao waliuawa kwa tabaka au siasa zao. Hayo mengine yaliitwa *uhalifu dhidi ya ubinadamu*. Kwa Kiswahili chepesi, Kambodia yalikuwapo mauaji ya halaiki yaliyokuwa na mauaji ya kimbari ndani yake.

## Arusha: mahakama iliyopima maneno

Kesi iliyoipa dhana hii uhai wa kimahakama ilisikilizwa Tanzania. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa tarehe 8 Novemba 1994, makao yake yakawa Arusha, na ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ya Taba. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari baada ya kesi kusikilizwa, na ya kwanza kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo.

Watafsiri wanapaswa kuisoma hukumu hiyo kwa sababu nyingine pia: majaji walitenga sehemu nzima ya kujadili tafsiri kutoka Kinyarwanda. Walichambua maneno kama *inyenzi*, *inkotanyi* na *ibyitso*. *Inyenzi* kwa Kiswahili ni mende, lakini kuandika «mende» peke yake hakutoshi, maana neno hilo lilikuwa na historia tangu miaka ya 1960, lilipowataja wapiganaji wa Kitutsi waliovuka mpaka. Kufikia 1994 lilikuwa likimtaja Mtutsi yeyote aliyestahili kuuawa machoni pa wauaji. Walichambua pia maneno ambayo mashahidi waliyatumia kwa ubakaji. Baadhi, kama *kuryamana*, kwa maana ya juu yake ni kulala pamoja tu. Lugha ya stara ya mashahidi ilihitaji kueleweka ndani ya muktadha ili kitendo kisipotee katika tafsiri. Kiswahili kina stara hiyohiyo. Shahidi akisema «aliniingilia» au «alinifanyia vibaya», mfasiri anayechukua maneno yalivyo juu juu anaweza kuifuta jinai kutoka katika kumbukumbu za mahakama.

Kuhusu kosa la kuchochea, mahakama ilisema kwamba ili kujua kama uchochezi ulikuwa wa moja kwa moja, sharti maneno yatazamwe ndani ya utamaduni na lugha ya wasikilizaji. Yaani lugha ya mafumbo haimpi mchochezi kinga, ikiwa waliomsikia walimwelewa.

Jambo hili si la Kinyarwanda peke yake. Mwezi Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa nchini Kenya ilitoa orodha ya maneno ya chuki, na miongoni mwake yalikuwamo maneno ya Kiswahili cha kila siku: *madoadoa*, *kwekwe*, *mende*. Neno *madoadoa* lilikuwa limetumika katika Bonde la Ufa kuwataja watu waliohesabiwa kuwa wageni katika eneo. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu 1,133 kwa hesabu ya tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Philip Waki. Mashtaka yaliyofikishwa The Hague yalikuwa ya uhalifu dhidi ya ubinadamu, si ya mauaji ya kimbari, na mwandishi hana budi kuitunza tofauti hiyo. Lakini kwekwe hung'olewa, madoadoa hufutwa na mende hupuliziwa dawa. Kila jina kati ya hayo lina kitenzi chake kinachongoja.

## Kariakoo: vifo vya halaiki bila jina

Sasa tuyapime maneno haya kwa tukio ambalo wakazi wa Dar es Salaam hulitamka kila siku bila kulikusudia. *Kariakoo* ni utohozi wa Carrier Corps, jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, na eneo ambalo leo ni soko likatumika kuwaweka wapagazi. Kifonetiki, neno la pili la jina hilo hutamkwa na Waingereza bila konsonanti ya mwisho kusikika; Kiswahili kikachukua kilichosikika na kukipa irabu ndefu. Nairobi nako kuna mtaa wenye jina la asili hiyohiyo, unaoandikwa Kariokor.

*Mpagazi* hutokana na *pagaa*, yaani kubeba mzigo begani au kichwani. Upande wa Waingereza peke yake uliandikisha wapagazi wapatao milioni moja, wengi wao kwa kulazimishwa. Rekodi zao zinaonyesha vifo visivyopungua 95,000. Walioanguka kwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, njaa na uchovu. Mwezi Aprili 2021, Tume ya Jumuiya ya Madola ya Makaburi ya Vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Katika Barabara ya Samora, mwendo mfupi kutoka Kariakoo, imesimama Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927, mahali ilipokuwa sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiswahili cha hati ya Kilatini na Kiswahili cha hati ya Kiarabu. Wapagazi wametajwa humo kuwa miguu na mikono ya jeshi, na mtu anayekufa akiipigania nchi yake anaahidiwa kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Hakuna hata jina moja la mpagazi lililoandikwa.

Je, vifo hivyo tuviite nini? *Mauaji ya kimbari* haifai: Waingereza hawakuwa na nia ya kuliangamiza kundi, walitaka mizigo ifike. *Maafa* haifai pia, kwa sababu kiasi cha chakula, blanketi na dawa kiliamuliwa na watu waliokuwa na madaraka. *Mauaji ya halaiki* inabishaniwa, kwa kuwa *mauaji* humtaka muuaji aliyekusudia kuua. Istilahi iliyo salama ni *vifo vya halaiki*, ikifuatwa na sentensi inayomtaja mwenye dhamana: *Maelfu ya wapagazi walikufa kwa maradhi na njaa, baada ya jeshi lililowaandikisha kushindwa kuwalisha na kuwatibu.*

Hapa ndipo methali ya tembo na nyasi hupatia na kukosea kwa wakati mmoja. *Wapiganapo tembo, nyasi huumia* inawafaa wapagazi kwa kiasi: walikuwa katikati ya ugomvi wa madola mawili usiowahusu. Lakini methali hiyo ikitumika kwa Rwanda ya 1994, kama inavyotokea katika insha za wanafunzi, ni kosa kubwa. Nyasi huumia kwa kuwa tembo hazioni. Watutsi waliuawa kwa kuwa walitazamwa, vitambulisho vyao vikasomwa, na nyumba zao zikajulikana.

## Matukio mengine ya kanda na majina yake

Majimaji (1905–1907). Vita vilianza katika milima ya Umatumbi Julai 1905. Wajerumani waliviita *uasi*. Waswahili waliviita *vita*. Anayesema uasi amesimama upande wa dola. Lakini hata *vita* haielezi yote, kwa kuwa wengi wa waliokufa hawakufa vitani: majeshi ya Gavana von Götzen yaliteketeza mazao na maghala, na njaa ikafuata. Makadirio ya vifo huanzia 75,000 ya serikali ya kikoloni hadi kati ya 250,000 na 300,000 ya mwanahistoria Gilbert Gwassa. Wanahistoria hawajaafikiana kama istilahi *mauaji ya kimbari* inafaa hapa. Anayeitumia aonyeshe nia ya kuangamiza kundi. Anayeikataa asitumie kukataa kwake kuifanya njaa ile ionekane kama ukame. *Njaa iliyosababishwa kwa makusudi* ni maelezo sahihi kwa wote wawili. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha akiwa Songea. Kuhusu Waherero na Wanama wa Namibia, ambako Jenerali von Trotha, aliyewahi kutumikia Afrika Mashariki, alitoa amri yake Oktoba 1904, serikali ya Ujerumani ilikubali mwaka 2021 kutumia neno lenyewe la mauaji ya kimbari.

Zanzibar (1964). Tukio la tarehe 12 Januari 1964 linaitwa rasmi *Mapinduzi*, na neno hilo limo katika jina la serikali. Wapo, hasa miongoni mwa waliokimbilia Oman na vizazi vyao, wanaosema *mavamizi*, na wapo wanaosema *mauaji ya kimbari* kuhusu mauaji ya Waarabu yaliyofuata. Idadi ya waliouawa inabishaniwa, na hakuna mahakama iliyolisikiliza jambo hili. Kwa wengine, 1964 ni mwisho wa unyonge wa miaka mingi. Kwa wengine, ni usiku waliopoteza wazazi. Mtafsiri asimpokonye msemaji neno lake. Aliyeandika *Mapinduzi* atafsiriwe hivyo, aliyeandika *mauaji ya kimbari* naye vivyo hivyo, na mtafsiri akionyesha wazi kwamba neno ni la msemaji.

Burundi (1972). Warundi huyaita mauaji ya mwaka huo *ikiza*, neno la Kirundi lililo karibu na *janga* letu. Wahutu wanaokadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000 waliuawa, wengi wakiwa wasomi na watumishi wa umma, na maelfu wakavuka kuja Tanzania, katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Desemba 2021 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi iliyatangaza kuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu. Katika kutafsiri simulizi za wazee wa makazi hayo, *ikiza* ibakizwe na kuelezwa; usiipandishe kuwa istilahi ya kisheria ndani ya kinywa cha msimulizi.

Rwanda (1994). Kati ya Aprili na Julai waliuawa zaidi ya watu 800,000 kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, na zaidi ya milioni moja kwa hesabu ya serikali ya Rwanda. Kinyarwanda kiliwahi kutumia *itsembabwoko*. Leo jina rasmi limejengwa juu ya *jenoside*. Tangu 2018 Umoja wa Mataifa hutumia jina linalolingana na *mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi*. Jina hilo halikanushi kwamba Wahutu waliopinga mauaji nao waliuawa. Linasema kundi gani lilikusudiwa.

## Makosa ya kawaida

1. «Mauaji ya Watutsi». Kihusishi *-a* kina utata: Watutsi waliua au waliuawa? Katika habari za mauaji utata huo hauvumiliki. Andika *mauaji dhidi ya Watutsi*, au tumia kitenzi.

2. «Mauaji ya Kimbari» kwa herufi kubwa katikati ya sentensi. *Kimbari* si jina la mtu wala la mahali. Herufi kubwa hutumika tu ndani ya jina rasmi la mkataba, siku au taasisi.

3. «Vita vya Wahutu na Watutsi». Vita vilikuwapo kati ya jeshi la serikali na RPF, na mauaji ya kimbari yalikuwapo. Mambo hayo mawili yalikwenda sambamba, lakini si jambo moja. Aliyeuawa kanisani hakuwa vitani.

4. «Walipoteza maisha». Msemo huu ni wa heshima msibani, nao unafaa kwa ajali na maradhi. Kwa aliyekatwa kwa panga, andika *aliuawa*. Kitenzi *-uawa* kinabakiza nafasi ya kuuliza: na nani?

5. «Usafishaji wa kikabila». Kitenzi *safisha* kinawafanya waliofukuzwa kuwa uchafu. Likilazimika kutumika kama istilahi, liwekwe ndani ya alama za kunukuu. Penginepo andika *kufukuzwa kwa nguvu kwa misingi ya kabila*.

6. «Binadamu» na «ubinadamu». Katika jina la kosa la *uhalifu dhidi ya ubinadamu*, lugha za Ulaya hutumia neno moja kwa watu wote na kwa utu wao. Kiswahili hulazimika kuchagua. Chagua umbo moja na ulishike katika matini nzima.

7. Kuikuza istilahi. Ajali ya basi si *mauaji ya halaiki*, na kubomolewa kwa vibanda vya wafanyabiashara si *mauaji ya kimbari*, hata kama dhuluma yake ni ya kweli. Neno likitumika kwa kila jambo, halitasikika siku litakapohitajika.

## Ushauri kwa mwalimu

Zoezi lifaalo darasani ni kuwapa wanafunzi sentensi moja isiyo na mtendaji, mfano *Watu wengi walikufa kusini mwa nchi kati ya 1905 na 1907*, na kuwataka waiandike upya mara tatu: kwanza wakiongeza sababu ya vifo, pili wakimtaja mtendaji, tatu wakitaja nia, ikiwa ipo na inathibitika. Kila hatua waeleze ushahidi wanaoutegemea. Atakayeshindwa kuipata hatua ya tatu hajafeli. Amejifunza kwa nini *halaiki* na *kimbari* ni maneno mawili.

Tazama pia: angamiza, halaiki, kimbilio, mbari, mkimbizi, mpagazi, uchochezi, uhalifu dhidi ya ubinadamu, utohozi.